Chapati ina kesi ya kujibu, ila shitaka limekosewa

Saa saba mchana, kwa mama ntilie wetu wa karibu na ofisi, mwenzangu mmoja alisogeza pembeni sahani ya chapati aliyowekewa kwa mazoea. "Mimi na ngano basi, Mama. Ngano inaniua tumbo." Badala yake akaagiza wali maharage, akaomba kachumbari iongezwe, akashushia na glasi kubwa ya juisi ya embe. Kufika saa tisa alikuwa amelegeza mkanda, tumbo limejaa kama ngoma, anazunguka kati ya meza akilalamika kwamba yule mama lazima anachanganya kitu kwenye wali.

Sikumcheka sana, maana tumbo langu nalo nimezunguka nalo miaka. Zahanati moja iliniambia ni typhoid, nikamaliza dozi. Nyingine ikasema amiba, nikamaliza dozi. Ya tatu ikasema ni vidonda vya tumbo, bila kuchungulia ndani, nikameza vidonge vya kupunguza asidi mpaka nikavizoea kama pipi. Shangazi akasema hayo yote ni upuuzi, hili ni chango, akaniletea mizizi iliyolowekwa kwenye chupa ya soda. Aliyenisaidia hatimaye alikuwa daktari kijana aliyekaa na mimi dakika ishirini akiuliza maswali kabla hajagusa fomu ya vipimo. Na hakuanza kwa kuniuliza nakula nini. Aliuliza maumivu yanakuja lini, na yakija choo kinakuwaje.

Hali hiyo madaktari wanaiandika kwa herufi tatu, IBS. Kwa maneno ya kawaida ni utumbo usiotulia. Hauna kidonda wala uvimbe, kamera ikiingizwa inarudi haijaona kitu, na mwenye nao anaendelea kujikunja. Vigezo vinavyotumika tangu 2016, vinavyobeba jina la mji wa Roma, vinataka maumivu ya tumbo walau siku moja kwa wiki ndani ya miezi mitatu iliyopita, yaende sambamba na haja kubwa au na mabadiliko ya choo: kigumu leo, cha kuharisha kesho, au hivyo viwili kwa zamu. Utafiti uliogusa nchi 33, uliochapishwa 2021, ulikuta watu kama 4 katika kila 100 miongoni mwa waliojibu kupitia intaneti wanatimiza vigezo hivyo. Pale watafiti walipopita nyumba kwa nyumba, idadi ilishuka. Siwashangai. Nani atamsimulia mgeni habari za choo chake mbele ya mashemeji?

Sasa hivi hakuna kundi la WhatsApp la familia ambalo halijapitiwa na ujumbe wa kwamba ngano ni sumu. Wengine wanasema ngano ya siku hizi imeharibiwa, wengine wanasema gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, inaganda tumboni kama gundi, na mwisho wa ujumbe kuna namba ya mtu anayeuza unga mbadala kwa bei ya kilo tatu za nyama. Mimi sitaki kuitetea ngano moja kwa moja. Nadhani ina kesi ya kujibu. Tatizo ni kwamba shitaka lililofunguliwa siyo lenyewe, na wengi wanafunga hukumu kabla ya kusikiliza mashahidi.

Hofu yenyewe haikuzuka hewani. Miaka ya 1930 na 1940 huko Uholanzi, daktari wa watoto aitwaye Willem-Karel Dicke alikuwa na watoto waliokondeana, matumbo yamevimba, wanaharisha hawakomi. Alikuwa tayari anaishuku ngano. Kisha ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita, mkate ukaadimika. Mkate uliporudi, watoto wale wakarudi kuugua. Tasnifu yake ya mwaka 1950 ndiyo iliyoithibitishia dunia kwamba kuna binadamu ambao ngano kweli inawadhuru. Ugonjwa huo ni seliaki. Kinga ya mwili ikikutana na gluteni, ile protini inayofanya unga uliokandwa uvutike bila kukatika, inageuka kuushambulia ukuta wa utumbo mwembamba. Duniani anao kama mtu 1 kati ya 100. Kwa hao hakuna mjadala wala kuonja: ngano iondoke, na iondoke maisha.

Mjadala ni wetu sisi wengine, ambao kipimo cha seliaki kinasema hatuna na tumbo linasema lina.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, waliwachukua watu 34 wenye IBS wasio na seliaki ambao walikuwa wameshajikuta nafuu kwa kuacha gluteni. Wakawapa kila siku mkate na keki ndogo, wengine zenye gluteni, wengine zisizo nayo, na hakuna aliyejua anakula ipi, si mgonjwa, si anayempimia. Katika kundi la gluteni, asilimia 68 walisema dalili zao hazijatulia. Katika kundi jingine walikuwa asilimia 40. Habari hiyo ikaenea. Maduka yakajaza rafu za vyakula visivyo na gluteni, na mtu aliyekuwa anahisi tu akapata karatasi ya kuonyesha.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda, kwa sababu si kawaida mtu kuirudia kazi yake iliyompa sifa ili aone kama alikosea. Timu ileile ilijiuliza: na kama kwenye ngano kuna kitu kingine kinachosafiri na gluteni? Mwaka 2013 wakachapisha jaribio la watu 37. Safari hii, kwa wiki mbili kwanza, waliwaondolea wagonjwa wote kundi la wanga mfupimfupi unaochachuka tumboni, ambao Monash wenyewe ndio walioupa jina la FODMAP mwaka 2005. Karibu kila mtu akapata nafuu. Ndipo wakarudisha gluteni iliyosafishwa, kila mmoja akipita kwa zamu kwenye gramu 16 kwa siku, gramu 2, na hakuna kabisa, ambapo alipewa protini ya maziwa badala yake. Dalili zikapanda katika zamu zote kwa kiasi kinachofanana, hata katika ile isiyokuwa na chembe ya gluteni. Waliodhurika na gluteni yenyewe walikuwa asilimia 8 tu. Nawapa heko. Huko mtaani, hata hivyo, watu bado wananukuu ile ya 2011.

Kinachosafiri na gluteni kinaitwa fruktani. Ni mnyororo wa sukari ndogondogo ambao mmea wa ngano unauhifadhi kwenye punje yake. Binadamu hatuna kimeng'enya cha kuukata mnyororo huo, awe mgonjwa au mzima. Unapita utumbo mwembamba kama ulivyoingia, unafika utumbo mpana ambako bakteria wanausubiri kwa hamu. Wanauchachusha, wanatoa gesi, na maji nayo yanavutwa. Kwenye vitunguu, vyote viwili, kitunguu maji na kitunguu saumu, fruktani imejaa, na saumu kwa uzito uleule inazidi unga wa ngano mara kadhaa.

Wanorwei ndio waliowapambanisha washukiwa hawa wawili ana kwa ana. Mwaka 2018, kikosi cha watafiti wa Oslo kilichapisha jaribio la watu 59 waliojiachisha gluteni wenyewe bila kuwa na seliaki. Kila mmoja alikula kwa wiki moja vipande vya nafaka vyenye gluteni, wiki nyingine vyenye gramu 2.1 za fruktani, wiki nyingine vitupu, kwa mpangilio usiojulikana. Waliougua zaidi kwenye wiki ya fruktani walikuwa 24. Kwenye wiki ya gluteni, 13. Na kwenye wiki ya vipande vitupu, ambavyo havikuwa na chochote cha kumdhuru mtu? 22. Namba hiyo ya mwisho naiweka kiporo.

Watu husema mwenye IBS anatengeneza gesi nyingi kuliko wenzake. Nami niliamini hivyo. Nottingham, Uingereza, waliwaweka kwenye mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili watu 29 wasio na shida ya tumbo na wagonjwa 29 wa IBS, wote wakanyweshwa sukari za aina hii. Matokeo, yaliyotoka 2017, yalionyesha kwamba gesi ndani ya utumbo mpana ilikuwa ya kiasi kilekile kwa pande zote mbili. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa anasoma gazeti na mwingine ameshika tumbo. Utumbo wa mgonjwa unasikia kupita kiasi. Ni kama nyumba mbili za kupanga zilizopakana na baa moja, muziki ni uleule, lakini moja ina dari na nyingine haina.

Sasa turudi kwenye ile sahani. Chapati maharage, mlo wa nusu ya wafanyakazi wa Dar es Salaam na Nairobi. Maharage yana wanga wa jamii hiyohiyo ya FODMAP, wa aina nyingine lakini wenye tabia ileile, nao hatuna kimeng'enya chake. Rojo lake limekaangiwa vitunguu viwili hadi vikawa hudhurungi, na saumu iliyotwangwa. Juu kuna kachumbari, yaani kitunguu kibichi chenye nyanya za kusindikiza. Kando kuna juisi ya embe, tunda lenye fruktosi, yaani sukari ya matunda, inayozidi glukosi, ambayo matumbo mengi hayaimudu yote kwa mkupuo. Au ni chai ya maziwa, na wengi wetu tukishakuwa watu wazima tunapoteza uwezo wa kuivunja sukari ya maziwa. Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff ilionyesha kwa sampuli za Watanzania, Wakenya na Wasudani kwamba jamii za wafugaji za upande huu wa Afrika zina mabadiliko yao ya kijeni yanayowabakishia uwezo huo. Mmasai anakunywa analala. Mimi wa kutoka Tanga nakunywa nakesha. Katika msafara wote huo, aliyeshushwa njiani ni chapati peke yake.

Lakini nilisema ina kesi ya kujibu, na hesabu yake haihitaji maabara. Unga wa ngano una fruktani kama gramu 1 hadi 2 katika kila gramu 100. Kilo moja ya unga, muulize mpishi yeyote, inatoa chapati 12 hadi 15 za mtaani. Maana yake chapati moja imemeza unga wa gramu 65 hadi 80, na ndani yake fruktani kama gramu moja, pengine pungufu, pengine zaidi kidogo. Kula moja, uko chini ya kile walichopewa watu wa Oslo. Kula tatu, umewafikia au umewapita, kabla hujachovya kwenye maharage. Kwa hiyo anayesema "nikila chapati tumbo linanivimba" anaweza kuwa anasema kweli tupu. Alichokosea ni kudhani kwamba kosa liko kwenye kile kinachovutika.

Kukosea jina la mshukiwa kuna gharama. Ukidhani ni gluteni, utaogopa hata chembe, utakagua sosi ya soya, utaacha kula kwenye shughuli za watu, halafu utakaanga kitunguu bila wasiwasi. Ukijua ni fruktani, jambo linakuwa la kiasi na la mchanganyiko, na kiasi unaweza kukipanga.

Tena kuna suala la muda wa unga, ambalo sisi watu wa pwani tulikuwa nalo kabla halijaandikwa na mtu. Bibi yangu alikanda unga wa mahamri baada ya sala ya isha, kwa tui, iliki na hamira ya kubania, maana hamira ilikuwa ya kununua. Akaufunika kwa kanga ndani ya sufuria, sufuria akaiegemeza kwenye jiko ambalo majivu yake bado yana joto. Alfajiri kanga ilikuwa imeinuka katikati, na ukiifunua unapokelewa na harufu ya uchachu unaokaribia wa togwa. Usiku kucha hamira na bakteria walikuwa wanakula. Na moja ya vitu wanavyokula ni fruktani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hohenheim, Ujerumani, walipima donge la mkate saa baada ya saa, wakaandika 2016 kwamba wanga huo wa FODMAP ulikuwa juu kabisa donge lilipokaa kwa saa nzima moja, na lilipokaa saa nne na nusu ulikuwa umebaki kama sehemu ya kumi tu. Viwanda vingi vya mikate haviwezi kusubiri hivyo, gari la kusambaza linaondoka alfajiri. Chapati yetu ndiyo haina kusubiri kabisa: haitiwi hamira, inakandwa, inapumzishwa kidogo, inasukumwa, inaingia kwenye mafuta na fruktani yake yote.

Sisemi mahamri ya bibi ni dawa. Yalizama kwenye mafuta, na mafuta mengi nayo huamsha utumbo wa aina hii. Nasema tu kwamba neno "ngano" linabeba vitu vingi visivyolingana, na mtu anayesema "ngano" bila kusema imepikwaje hajasema kitu.

Na kama unataka kuona jinsi ngano ilivyowahi kuwachanganya hata wakubwa, tazama pumba zake. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na akafanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, miaka mingi. Saratani ya watoto aliyoieleza akiwa huko inaitwa kwa jina lake hadi leo. Aliporudi Ulaya alishika jambo jingine: Waafrika wa vijijini wanapata choo kingi na laini, na hawaugui magonjwa ya utumbo yanayowasumbua Wazungu, na kwa maoni yake sababu ni makapi yaliyomo kwenye chakula. Hoja hiyo, iliyozaliwa kwa kuangalia watu waliokula mtama, wimbi, ndizi na viazi, ilipovuka bahari ikawa ushauri wa kula pumba za ngano. Kwa miaka, mgonjwa wa IBS Uingereza alikuwa anapewa pumba za ngano kama tiba. Mwaka 1994 madaktari wawili wa Manchester wakawauliza wagonjwa 100 zimewasaidiaje. Asilimia 55 walisema ziliwazidishia. Waliosaidika walikuwa asilimia 10. Kisha leo tunatangaziwa kwamba ngano imegunduliwa kuwa mbaya kwa tumbo, kana kwamba hao 55 hawakuwahi kusema.

Ile namba niliyoiweka kiporo sasa, watu 22 wa Oslo walioumwa na kitu kitupu. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha jaribio la watu wenye IBS walioamini kwamba gluteni ndiyo adui yao. Waliokamilisha walikuwa 28. Kila mmoja alipita kwenye wiki ya ngano nzima, wiki ya gluteni na wiki ya vipande visivyo na kimojawapo. Ngano iliwazidishia dalili 11, gluteni 10, na visivyo na kitu 8. Tofauti ni ndogo mno kuijengea hoja. Jaribio lenyewe ni dogo, na wengi wao hawakufuata masharti ipasavyo, kwa hiyo silitoi kama neno la mwisho. Lakini baada ya kuonyeshwa majibu yao binafsi, wengi waliendelea kuikwepa gluteni kama kawaida. Ushahidi wa tumbo lako una nguvu kuliko karatasi ya mtu mwingine. Hata mimi ningefanya hivyo.

Mwaka mmoja kabla yake, watafiti wa Maastricht, Uholanzi, na Leeds, Uingereza, walikwenda mbali zaidi. Watu 83 wanaojitambua kuwa na shida na gluteni walipewa mkate, wengine wenye gluteni, wengine usio nayo, na bila kujali wamepewa upi, wengine waliambiwa unayo na wengine waliambiwa hauna. Walioumwa zaidi walikuwa wale walioambiwa ipo na kweli ikawepo. Waliokula gluteni huku wakiamini hawaili waliumwa kidogo sana kuliko hao. Wataalamu huiita hali hii nosibo, madhara yanayoletwa na kutarajia madhara.

Hapa ndipo watu wananikasirikia, kwa hiyo niseme taratibu. Sijasema unajifanya. Utumbo una mishipa ya fahamu isiyohesabika, na njia kati yake na ubongo inapitika pande zote mbili. Mtu aliyewahi kuharisha asubuhi ya mtihani wa kidato cha nne hahitaji kufafanuliwa. Maumivu yaliyoletwa na hofu ni maumivu yaleyale, yanakukunja vilevile, na choo utakikimbilia vilevile. Ila dawa yake haiko kwenye unga.

"Lakini mimi niliacha ngano nikapona." Nimelisikia sana, na ninaliamini. Angalia tu uliacha nini. Ulipoacha ngano uliacha chapati tatu, uliacha maandazi mawili ya mafuta asubuhi, uliacha sambusa za jioni zilizojaa vitunguu, uliacha biskuti, na pengine bia, kwani shayiri nayo iko kwenye ukoo huo. Ukaanza kula viazi vya kuchemsha na samaki, tena kwa utulivu, kwa sababu sasa unajijali. Ningeshangaa kama usingepona. Ila hujaithibitisha gluteni kwa kufanya hivyo, kama ambavyo mtu aliyehama mtaa mzima hajathibitisha ni jirani yupi alikuwa mwizi.

Kuna kosa moja ambalo lina madhara ya kweli, na ndilo lililonisukuma kuandika. Mtu anaacha ngano miezi sita, anapata nafuu nusunusu, ndipo anakwenda hospitali kupimwa seliaki. Kipimo cha kwanza kinatafuta kwenye damu askari wa kinga waliotengenezwa kwa sababu ya gluteni. Usipokula gluteni, askari wanatawanyika na majibu yanatoka safi. Unaambiwa huna, kumbe unayo. Lazima uwe unakula ngano kwa wiki kadhaa kabla ya kutoa damu. Kwetu seliaki huhesabiwa kuwa ugonjwa wa Wazungu, na kweli kwenye vijiji vya ugali na ndizi si rahisi kuuona. Lakini mwaka 1999 watoto wa Kisahrawi, jamii ya Waafrika wa jangwani kaskazini magharibi, walikutwa nao kwa asilimia 5.6, kiwango kinachopita cha Ulaya. Kadiri mkate unavyochukua nafasi ya kiporo kwenye kifungua kinywa cha mjini, ndivyo wenye maumbile ya kuupata watakavyojitokeza. Pima kwanza, acha baadaye. Na kama choo kina damu, uzito unashuka bila sababu, damu imepungua, au tumbo limeanza kukusumbua ukiwa umevuka 50, hayo si mambo ya chapati wala ya makala ya gazeti. Nenda ukaonwe.

Aliyepimwa akakutwa hana, ajaribu kwa utaratibu. Unapunguza vyakula vya FODMAP kwa wiki mbili hadi sita, halafu unavirudisha kimoja kimoja, kwa siku chache kila kimoja, unaandika. Sehemu ya kurudisha ndiyo inayosahaulika, watu wanabaki kwenye marufuku maisha yao yote na kukondeana bure. Shida yetu ni kwamba orodha zinazozunguka ziliandikwa kwa jikoni za Australia. Zinakueleza habari za asparaga na tufaha, hazikuambii lolote kuhusu mchuzi wa bamia. Kwa bahati nzuri msingi wa chakula chetu uko upande salama: ugali wa mahindi, wali, viazi mviringo. Vitumbua na mkate wa kumimina, ambavyo ni vya mchele, vinaweza kukalia kiti cha maandazi. Shida iko kwenye mboga. Fruktani inayeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo ukikaanga punje za saumu nzima kwenye mafuta, ukazitoa kabla ya kutia nyanya na maji, harufu inabaki na fruktani imetupwa. Majani ya kijani ya kitunguu hayana shida, kichwa chake cheupe ndicho chenye maneno. Maharage yaloweke usiku kucha, yale maji uyamwage, uchemshie maji mengine, sehemu ya wanga wake imeondoka nayo.

Daftari langu lilinionyesha hivi. Chapati moja na samaki wa kukaanga, kimya. Chapati mbili, kimya, siku moja mngurumo kidogo. Tatu, hapana, hata zikiwa peke yake na chai ya rangi. Wali na kachumbari, vita. Maharage ya kulowekwa, kijiko kimoja kikubwa, amani. Sijui kama jedwali hilo litakufaa wewe. Lilimfaa yule mwenzangu kwa sehemu: amerudi kwenye chapati, juisi ya embe ameiacha, kachumbari amegoma kuiacha.

Juzi nilimfuata mama ntilie kabla msongamano haujaanza. "Shikamoo, Mama. Leo nipe chapati moja, na mchuzi wa samaki usio na kitunguu."

"Marahaba. Usio na nini?"

"Kitunguu."

Akashika mwiko hewani, akaniangalia kama mtu aliyeniona nikitoka wodini. "Mwanangu, mchuzi bila kitunguu si mchuzi, hiyo ni dawa. Na dawa mimi siuzi." Kisha akanichotea samaki mkavu, akaweka ndimu na pilipili pembeni ya sahani, na chapati akaweka mbili.